Picha Irudi Mwaloni

Hotuba kwa vijana wanaojifunza utengenezaji wa filamu, Ujiji, Kigoma

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wetu wa mtaa, wazee wangu, mama zangu mlioanua dagaa mapema ili muwahi kikao hiki, na ninyi vijana ambao kwa ajili yenu tumeitana: Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe.

Nimeombwa nizungumze juu ya namna filamu na maneno ya hadharani yanavyoweza kutumika kutetea haki za watu. Kazi hii nimeifanya kwa miaka kumi na mitano, sehemu kubwa katika mwambao huu wa Ziwa Tanganyika, na kwa muda huo nimefikia kuamini jambo moja ambalo nitalisema mapema ili hata atakayelazimika kutoka kabla sijamaliza aondoke nalo. Mtu aliyepigwa picha ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kuiona, na ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kusimama na kuizungumzia mbele ya watu wake.

Mkoa wetu umetazamwa sana na wageni. Mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone hapa Ujiji, na mji huu ukaandikwa na kuchorwa katika vitabu vilivyosomwa Ulaya na Marekani. Mwaka 1962 Hugo van Lawick alifika Gombe na kamera zake, miaka miwili baada ya Jane Goodall kuanza utafiti wake, na sokwe wa Gombe wakajulikana duniani kote. Mwaka 2015, makumi ya maelfu ya ndugu zetu kutoka Burundi walipokwama Kagunga, kipindupindu kikiwa kati yao, na meli ya Liemba ikawa inakwenda na kurudi kuwaleta mjini, kamera zilijaa tena ufukweni. Sisemi kwamba waliopiga picha hizo walifanya vibaya. Bila picha za Kagunga huenda msaada ungechelewa. Ninachosema ni kwamba nimekaa na wazee wa vijiji vya kaskazini ya mji huu wanaokumbuka vizuri watu wenye kamera, aina ya viatu vyao na mashua waliyokuja nayo, lakini hawajawahi kuonyeshwa hata picha moja kati ya zile walizopigwa.

Tabia hii ya picha kwenda bila kurudi ina historia yake hapa nchini. Kati ya mwaka 1935 na 1937, Vugiri, katika milima ya Usambara, Waingereza waliendesha jaribio kubwa la sinema ya elimu kwa Waafrika. Walitengeneza filamu zipatazo thelathini na tano, wakazizungusha kwa lori lenye skrini na mashine ya kuonyeshea katika Afrika Mashariki na ya Kati. Watazamaji walifundishwa kilimo, afya na kuweka akiba posta. Wakulima na wachukuzi walionekana katika filamu hizo, lakini aliyeamua ni tatizo gani linastahili kuonyeshwa, na suluhisho lake ni lipi, alikuwa mtawala. Ninalitaja jambo hili kwa sababu hata leo, kijana wa Kitanzania mwenye simu nzuri na nia njema anaweza kuingia kijijini akafanya kitu kile kile, akidhani kwamba kwa kuwa ni mzawa, basi kosa hilo halimhusu.

Mimi lilinihusu. Naomba mnivumilie nilieleze kwa urefu.

Filamu yangu ya kwanza ilikuwa juu ya wanawake wanaokausha na kuuza dagaa. Ninyi mnaijua kazi hiyo: mama anaamka saa kumi alfajiri kusubiri vipe, mashua za kuvulia dagaa, virudi, anagombea beseni la dagaa wabichi, anawaanika mchangani au juu ya chanja, anawageuza juani, anawafukuzia kunguru, na wingu likitanda anakimbia na turubai. Baada ya kazi yote hiyo, mnunuzi anakuja na ndoo yake mwenyewe. Mama mmoja aliniambia, kamera ikiwa inaendelea kuchukua, kwamba ndoo zile ni za udanganyifu, kwamba zimepashwa moto zikatanuliwa, na kwamba mwenye ndoo hiyo ndiye anayepanga bei, kwa hiyo mwanamke anapunjwa mara mbili. Alizungumza kwa uchungu na kwa ufasaha ambao sijausikia kwa wasomi wengi. Nilirudi nyumbani nikijua kwamba nimepata filamu.

Niliuficha uso wake. Nilifikiri hiyo ndiyo tahadhari inayotosha. Nikaipeleka filamu Dar es Salaam, kwa waliogharamia kazi ile, ikaonyeshwa ukumbini, nami nikasimama nikatoa hotuba kwa niaba ya wanawake wa Kigoma. Nilipigiwa makofi. Baada ya wiki chache, kipande cha dakika mbili kilikuwa kimeingia katika makundi ya WhatsApp, na kutoka huko kikafika mwaloni, pale ufukweni mashua zinapotua, kabla mimi sijafika. Uso haukuonekana, lakini sauti ilikuwa yake, lafudhi yake ya Kiha ilikuwa pale pale, na kanga aliyovaa ilijulikana na kila mtu, kwa kuwa ndiyo aliyokuwa akiivaa kazini siku zote. Giza zima la mwezi ule, yaani siku ambazo dagaa huvuliwa, hakuna mnunuzi aliyesimama mbele ya chanja yake. Ilikuwa masika. Magunia yake matatu yalishika ukungu, na dagaa wenye ukungu hata kuku hawapewi.

Nilikwenda kumwomba radhi nikiwa nimefuatana na shangazi yangu, kwa sababu jambo kama lile haliendewi peke yako. Alitukaribisha, akatupa maji ya kunywa. Hakunilaumu kwa maneno mengi. Alisema tu, “Mwanangu, ungeniuliza.” Nimeyabeba maneno hayo mawili mpaka leo.

Kwa hiyo mnapofundishwa hapa kwamba mhusika aseme mbele ya kamera kuwa anakubali, jueni kwamba huo ni mwanzo tu. Mtu anayekubali huku kamera inamtazama anakubali kwa heshima, kwa haya, wakati mwingine kwa matumaini ya msaada ambao hamkumwahidi. Rudini kesho yake bila kamera. Mwambieni itaonyeshwa wapi, nani ataiona, na kwamba simu ya mtu mmoja inaweza kuifikisha hata kule ambako ninyi hamkukusudia. Mwonyesheni alivyotokea, na mumpe ruhusa ya kweli ya kusema “hapa patoeni.” Mkificha uso, sikilizeni sauti, mkibadili sauti, tazameni nguo, ukuta wa nyumba, mtoto anayepita nyuma, kovu la mkono. Tangu mwaka 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na ni vizuri muisome pamoja na masharti ya Bodi ya Filamu kuhusu vibali, lakini nawasihi msingoje sheria iwafundishe kumlinda mtu aliyewafungulia mlango wake.

Baada ya jambo lile nilitafuta kujua kama kuna waliowahi kufanya kazi hii kwa njia nyingine, na nikakuta habari za wavuvi kama sisi, mbali sana na hapa. Katika jimbo la Newfoundland, Kanada, kuna kisiwa kinachoitwa Fogo. Katika miaka ya 1960 uvuvi wao ulikuwa umedorora, na serikali ilikuwa na mpango wa kuwahamisha watu wa vijiji vya namna ile wakaishi kwingine. Mwaka 1967 mtengeneza filamu aitwaye Colin Low, wa Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada, alikwenda kisiwani kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Memorial. Wakatengeneza filamu fupi fupi zaidi ya ishirini, mtu mmoja au jambo moja kwa kila filamu. Kilichonigusa ni utaratibu wao. Kila aliyerekodiwa alionyeshwa filamu yake kwanza, na alikuwa na haki ya kukataa sehemu asiyoitaka. Kisha filamu zilionyeshwa katika vijiji vya kisiwa kile, ambavyo vilikuwa vimegawanyika na havikuwa na mazoea ya kukaa pamoja, na kila baada ya maonyesho watu walizungumza. Mvuvi wa upande huu alimsikia mvuvi wa upande ule akitaja taabu ile ile anayoilalamikia yeye nyumbani kwake. Ni baada ya hapo tu, na kwa idhini yao, filamu zilipopelekwa kwa wakubwa wa serikali, na waziri wa uvuvi akajibu naye kwa filamu iliyorudishwa kisiwani. Wavuvi waliunda ushirika wa kujenga mashua na kusindika samaki, na Fogo haikuhamishwa. Filamu peke yake isingeweza kufanya hayo, kwa maana watu wale walikuwa wameanza kupigania kisiwa chao kabla kamera haijafika. Hata hivyo ziliwawezesha kusikilizana wao kwa wao kabla ya kusikilizwa na serikali, na huo ndio mpangilio ambao mimi niliugeuza juu chini.

Nilipomrudia yule mama mwaka uliofuata, nilimweleza habari hizi, nikamwomba tufanye filamu nyingine atakayoiongoza yeye. Alifikiri siku kadhaa. Kisha akasema kwamba safari hii hatasema neno. Akaazima ndoo mbili: moja mpya ya lita ishirini kutoka dukani, na nyingine ambayo hakunieleza aliipataje, nami sikumuuliza. Akaziweka sambamba kwenye jiwe bapa karibu na maji. Akachukua chupa ya lita moja iliyokuwa ya mafuta ya kupikia, akaanza kuchota ziwani na kumimina, huku mjukuu wake akihesabu kwa sauti. Chupa ya ishirini ilipoingia, ile ndoo ya dukani ilifurika, maji yakatiririka juu ya jiwe. Wakahamia ya pili. Mtoto akahesabu ishirini, na maji yalikuwa bado chini ya ukingo. Ishirini na moja. Ishirini na mbili. Katika chupa ya ishirini na tatu ndipo yalipogusa ukingo. Ninyi mtakaoiona mtaona mikono, chupa, maji na ndoo mbili, na mtasikia mtoto akihesabu. Hakuna mtu aliyetuhumiwa kwa jina, hakuna machozi, na hakuna muziki wa huzuni. Dakika nne.

Hapo pana fundisho la ufundi ambalo walimu wenu watalieleza vizuri zaidi yangu. Wengi tukianza tunadhani filamu ya haki lazima ioneshe mtu akilia. Nawashauri mtafute kwanza kitendo ambacho mtazamaji anaweza kukirudia nyumbani kwake, akahakiki mwenyewe. Na jambo dogo la vifaa: upepo wa ziwa huu unaua sauti. Simu za siku hizi zinachukua picha nzuri, lakini bila kinasa sauti kilichofunikwa kwa kitambaa kizito, mtapata picha safi ya mtu anayezungumza ndani ya dhoruba.

Kisha ikaja kazi ya kuionyesha, na hapa tulikutana na tatizo ambalo hakuna kitabu kingenieleza. Filamu ya kuonyeshwa nje inataka giza. Lakini usiku wa giza wanaume wako ziwani, kwa sababu dagaa hufuata taa. Wanaporudi kulala nyumbani ni siku za mbalamwezi, na mbalamwezi ikiangaza shuka jeupe huoni kitu. Mara mbili tulionyesha kwa wanawake na watoto tu. Walioguswa na mambo ya mauzo na vipimo, wakiwamo wenyewe wenye vipe na wajumbe wa BMU, kikundi cha kijiji kinachosimamia uvuvi mwaloni, hawakuwapo. Mwishowe mzee mmoja alitupa banda lake la kutunzia nyavu. Tukaziba nyufa kwa magunia, na wiki ya mbalamwezi tukaonyesha humo mara tano kwa usiku mmoja, watu wakiingia kwa zamu. Watu walitoka wakibishana mpaka saa sita usiku. Wengine walikwenda kuchukua ndoo zao.

Sasa niseme juu ya hotuba. Filamu ilikuwa imewasha mjadala, lakini mjadala wa kwenye banda la nyavu haubadilishi kipimo. Kinachobadilisha ni uamuzi, na kijijini uamuzi hutolewa na mkutano mkuu, ambao kwa mujibu wa sheria ni wa wakazi wote waliofikia umri wa miaka kumi na minane na unapaswa kuitishwa kila miezi mitatu. Ibara ya 18 ya Katiba yetu inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni. Hata hivyo kati ya haki iliyoandikwa na mwanamke anayesimama mbele ya wazee, wafanyabiashara na mtendaji akasema neno lisilopendwa, pana umbali mkubwa, na umbali huo hauvukwi kwa ujasiri tu. Unavukwa kwa mazoezi.

Nchi hii imewahi kuona neno moja lililosemwa vizuri likigeuza mambo. Januari 1958, hapo Tabora, TANU ilikutana kuamua kama iingie katika uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wajumbe wengi walifika wakiwa wameshaamua kuukataa, na walikuwa na sababu za haki kabisa. Mwalimu Nyerere, ambaye alisoma na kufundisha katika mji ule ule, aliwashawishi kwa Kiswahili wakubali kushiriki. Zuberi Mtemvu hakukubali, akajitoa na kuunda chama chake, lakini TANU iliingia katika uchaguzi wa 1958 na 1959 na ikashinda. Na tukimtaja Mwalimu tumtaje Bibi Titi Mohamed, ambaye elimu yake ya darasani ilikuwa fupi, ila alikuwa ameyazoea makundi ya ngoma ya lelemama, anajua jinsi mwanamke mmoja anavyoongoza wimbo na wengine wakaitikia. Alipoanza kuzungumza kwenye mikutano ya hadhara alikuwa tayari ana chuo chake nyuma yake.

Mazoezi ninayoyasema yamewahi kufanywa kwa mpango. Mwaka 1996 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Muhando na Amandina Lihamba, walianzisha Tuseme katika shule za sekondari. Wasichana walichunguza wenyewe mambo yanayowakwamisha, wakayatungia igizo, wakaigiza mbele ya walimu na wazazi, kisha wakajadiliana nao. Sisi tulifuata njia hiyo. Kwa wiki tatu wanawake saba walikutana jioni nyuma ya chanja. Mmoja anakuwa mwenyekiti mkali, mwingine mnunuzi anayekebehi, mwingine mume anayekohoa kama ishara ya kumnyamazisha mkewe, na mmoja anazungumza. Walijifunza kuomba nafasi kwa adabu ya kikao, kutaja jambo moja tu, kutaja kile kinachoombwa, na kutoketi kabla ya kusema: “Mwenyekiti, naomba maneno haya yaingie katika muhtasari.” Sentensi hiyo naipenda kuliko zote. Vilio vingi vya wanyonge vimesikilizwa kwa huruma mikutanoni na kupotea siku hiyo hiyo kwa sababu havikuandikwa.

Mkutano ulipofika walizungumza wanawake wanne kati ya saba. Mmoja alisimama, akatetemeka, akakaa, na hakuna aliyemcheka. Kijiji kiliamua kwamba mizani itundikwe mwaloni chini ya uangalizi wa BMU, na kwamba ndoo isiwe kipimo cha biashara. Wanunuzi wawili walihamia mwalo mwingine kwa karibu mwezi mzima, na kwa mwezi ule wanawake waliumia. Mizani iliharibika mara moja, ikatengenezwa kwa michango. Nayasema haya ili msije mkadhani kwamba uamuzi ukishapitishwa kazi imekwisha.

Mtaniuliza juu ya mambo mazito zaidi, hasa ndoa za watoto na mauaji ya vikongwe, ambayo yameuumiza ukanda wetu huu wa magharibi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2010 uliiweka Tabora katika asilimia 58 ya wanawake walioolewa kabla ya kutimiza miaka kumi na minane. Rebeca Gyumi aliipeleka mahakamani Sheria ya Ndoa ya 1971, kwa kuwa iliruhusu msichana kuolewa kabla ya umri huo, akashinda Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019. Hapo neno lilipitia mahakamani, na ndivyo ilivyostahili. Katika mambo ya namna hiyo naomba msimweke mtoto mbele ya kamera, hata akikubali, hata mzazi akikubali. Mwekeni mtu mzima aliyewahi kuyapitia na ambaye leo anasimama kwa miguu yake. Kuhusu vikongwe, ambao huuawa kwa kudhaniwa wachawi kwa sababu tu macho yao ni mekundu, kuna filamu ambayo bado haijatengenezwa na ambayo ningependa mmoja wenu aitengeneze: jiko la mafiga matatu ndani ya nyumba isiyo na dirisha, moshi wake, na macho ya bibi aliyeupikia ukoo mzima humo kwa miaka hamsini. Atakayeitazama kwa makini ataelewa wekundu wa macho yale umetoka wapi.

Muda wangu umekwisha, na wahudumu wananiashiria kwamba madirisha yameshazibwa. Filamu mtakayoiona sasa ni ile ya ndoo mbili. Mama mwenyewe yuko nasi. Aliiona jana usiku mara ya mwisho, akaagiza sehemu moja ipunguzwe, na imepunguzwa. Maswali yote muulizeni yeye. Mwenyekiti, naomba kipaza sauti apewe, nami niketi pale nyuma pamoja na wengine.